Kijito cha Mlima Elgon na mama wa miaka 71: tutoke gesti saa ngapi?

FundiCherehani, Kisumu

Hamjambo nyote. Mimi ni fundi wa cherehani pale Kibuye na si mtu wa safari. Mbali nilikofika mwaka huu ni Ahero, nako nilienda matangani. Sasa nimejitia kwenye shughuli nisiyoijua, nisaidieni kabla sijaaibika mbele ya familia.

Mama yangu ana miaka 71. Amezaliwa na kuolewa kwenye tambarare ya Kano, na mto anaoujua ni mmoja tu, Nyando. Aliyeuona Nyando hana haja ya maelezo: maji rangi ya chai ya maziwa, na mvua ikikaza huko juu milimani, mto unakuja wenyewe mpaka jikoni kukusalimia. Mwezi uliopita mama alirudi kutoka mkutano wa akina mama wa kanisa akaniambia kuna mwenzake ametoka Kitale kwa binti yake, amemsimulia habari za mto wa Elgon ambao ukisimama kando unahesabu mawe yaliyo chini. "Nami nataka kuona mto usio na matope kabla sijaenda," akasema, kisha akaendelea kuchambua omena kama mtu aliyeomba tu apitishiwe chumvi.

Basi. Likizo hii ya Agosti nimelipia siku mbili kwenye nyumba ya wageni upande wa Endebess, nyumba ya zamani ya walowezi, yenye veranda na mabati mekundu. Mwenyewe ameniambia kwa simu kwamba vijito viko "hapo tu juu". Mimi nimezeeka kiasi cha kuliogopa hilo neno "hapo tu". Tutakuwa watano: mama, mke wangu, watoto wawili wa miaka 10 na 6, na mimi. Gari ni Probox ya jirani, nimeiazima kwa maneno matamu na suruali mbili za bure.

Nataka kujua tutoke saa ngapi ili turudi gesti kwa chakula cha jioni. Probox itafika? Magoti ya mama si mazuri, anatembea lakini kuteremka ndiko kunamuua. Watoto wanataka kuogelea na mimi nikisikia maji nawaza kichocho, maana huku ziwani tumeonywa tangu chekechea. Je, ni lazima tuingie ndani ya mbuga na kulipa, au kuna kijito nje? Na usinicheke: maji hayo yananyweka?

DerevaWaKitale

Karibu sana Fundi. Nitajibu la gari tu, hayo mengine kuna wenye nayo humu.

Kisumu mpaka Kitale kupitia Kakamega na Webuye ni zaidi ya kilomita 150, lakini ukiwa na mama na watoto usihesabu kilomita. Hesabu saa nne na nusu. Mtasimama Chavakali kwa ndizi, mtasimama Webuye kwa choo, na ukifika Kiminini mtoto ataona mahindi ya kuchoma, na mwezi wa Agosti ndio msimu wake, huwezi kumkatalia. Kitale hadi Endebess ni lami, na siku hizi lami inaendelea mpaka Suam mpakani. Ukiacha lami kuelekea mlimani ndipo Probox inapoanza kusali.

Udongo mwekundu ukiwa mkavu ni barabara, ukilowa ni sabuni. Asubuhi utapanda vizuri, tatizo ni kuteremka saa tisa mvua ikiwa imepita. Weka gia ya kwanza, ondoa mguu kwenye breki, usishindane na usukani. Beba jembe na kamba. Na ukikuta trekta limechimba mitaro, usiifuate, panda gurudumu moja katikati na lingine pembeni. Gari la kuazima halina haja ya kuachia tumbo lake huko.

Mama wa Gesti

Fundi, msalimie mama sana. Mwambie yule mwenzake wa kanisa hakumdanganya.

Nina vyumba sita vya wageni huku karibu na Endebess, huu mwaka wa kumi na nne, na kabla ya hapo nilikuwa mpishi kwenye nyumba ya watu. Si mimi uliyenipigia simu, kwa hivyo sina cha kukuuzia. Nitakuambia yale ninayowaambia wageni wangu wakiwa mezani, ambayo nusu yao huyasikiliza huku wakipaka blubendi.

Saa ya kutoka ndiyo safari yenyewe. Agosti huku ni mvua, si kama Januari ambapo vumbi linakufuata mpaka kitandani. Na mvua yetu ina desturi. Asubuhi jua linatoka, mlima unauona wote, mgeni anasema leo hainyeshi. Kufikia saa tano wingu limeshakaa kileleni kama kilemba. Saa nane inamwaga. Kwa hivyo mtoke saa kumi na mbili na nusu, chai iwe ya thamosi, saa mbili muwe mtoni, na saa saba mto muwe mmeupa mgongo. Wageni wa mjini wanataka mayai, soseji, halafu picha kwenye veranda, halafu mtu mmoja amesahau chaja. Wanaondoka saa tano, ambayo kwangu ni saa ya kuanza kukunja mkeka.

Usitazame wingu lililo juu ya kichwa chako. Tazama mlima. Mvua inayokuhusu haikunyeshei wewe, inanyesha kwenye mianzi huko juu, nawe umekaa juani unamenya yai. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa na familia ya watu saba, watu wazuri kabisa, wametokea Eldoret. Niliwapikia pilau kwenye sufuria yangu ya lita kumi. Walifika mtoni karibu saa sita, wakaona ng'ambo kuna mwamba mpana, umelala kama meza, wakavuka kwa kukanyaga mawe. Maji yalikuwa kwenye kifundo cha mguu. Wakala, wakalala usingizi wa pilau. Waliamka mawe ya kuvukia hayapo. Hayakwenda popote, yamefunikwa tu. Walikaa ng'ambo ile mpaka saa moja usiku, watoto wamefunikwa vitambaa vya meza, mpaka mpwa wangu na vijana wa jirani walipowapitisha kwa kamba, mmoja mmoja. Hakuna aliyeumia. Sufuria yangu ilipatikana majuma mawili baadaye kwa mtu wa chini, imejaa mchanga, mfuniko hadi leo sijauona.

Kwa hivyo kuleni upande wenye gari. Ukisahau yote niliyoandika kumbuka hilo. Upande wa pili wa mto daima unaonekana mzuri zaidi, nawe uuache na uzuri wake.

Mto una dalili. Kwanza yanakuja majani na vijiti, kidogo kidogo, kama mtu anafagia huko juu. Kisha rangi inageuka. Kisha kuna sauti, mawe yanagongana chini ya maji, ko, ko, kama vikombe kwenye karai. Mkisikia mawe mmechelewa. Mkiona majani ndio wakati, usingoje rangi.

Kuhusu magoti: usimwambie mwenye gesti "tupeleke mtoni", atakupeleka kwenye maporomoko, maana wao hufikiri kila mgeni anataka maporomoko, na huko kuna kuteremka kwa kushika mizizi. Mwambie hivi: nataka mahali ambapo barabara inakutana na maji. Kuna vijito vinavyokatiza barabara kwenye vidaraja, mama anashuka garini, anapiga hatua ishirini, amefika. Bebeni kiti cha plastiki. Nasema kwa dhati, kiti. Mawe ya mtoni hayakaliki kwa mtu wa miaka 71, na akikaa chini kumwinua ni kazi ya wawili.

Mvisheni sweta na soksi za akiba. Kisumu ni kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Kitale peke yake ni 1,900, na ninyi mtapanda zaidi ya hapo. Maji ni ya baridi ya kuuma. Watoto watapiga kelele mara moja, watatoka midomo ya zambarau, na habari ya kuogelea itaishia hapo. Viatu vya raba vya shule ndivyo vizuri majini, si malapa. Malapa yanakwenda Budalangi.

PanduPandu, Bungoma

Fundi, msiishie kijitoni. Ingieni mbuga kwa lango la Chorlim, mwone pango la Kitum. Linaingia mlimani karibu mita 200, na ndovu huingia usiku gizani kukwangua kuta kwa pembe wapate chumvi. Alama za pembe ziko pale, unazigusa kwa mkono. Huwezi kuona kitu kama hicho kwingine. Na njiani kuna mbega weusi kwa weupe, na miti ya podo ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki. Mtoto wa miaka 10 ataisimulia mpaka aoe.

Mbuga imekuwepo tangu 1968 na sisi wa karibu ndio hatuijui, aibu tupu.

Mama wa Gesti

PanduPandu, la mbega na miti naunga mkono. La kumwingiza mtoto wa miaka 6 kwenye pango lenye popo, hapana. Mwaka 1980 na tena 1987 kuna watu waliougua homa ya Marburg, ile inayobebwa na popo, wakafa, na wote wawili walikuwa wametembelea pango hilo. Watu wengi wameingia wakatoka wazima, najua, hata mimi niliingia nikiwa msichana. Lakini huyu bwana anataka kumwonyesha mama yake maji. Wabaki mlangoni mwa pango, wapige picha, waende zao.

Fundi, ulikuwa umeuliza habari ya kulipa. Ndani ya mbuga mtalipa, na malipo ni ya eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, noti hazipokelewi. Lipa ukiwa bado Kitale, kwa sababu langoni mtandao unakuja na kuondoka kama paka. Bebeni vitambulisho. Na msiende na chupa za maji za kutupa, zilipigwa marufuku mbugani na misituni tangu Juni 2020, askari atawaambia mziache. Jazeni maji kwenye kibuyu au chupa ya chuma. Faida ya mbuga ni kwamba utaomba askari wa KWS, shirika la wanyamapori, mwende naye, na hilo kwangu ndilo unalolipia. Kule nyati hatoi taarifa.

Nje ya mbuga kuna vijito pia, lakini msitu ni wa serikali, pitieni kwanza ofisi ya misitu muulize. Msiingie tu kwa sababu kijana fulani wa boda amesema anaijua njia.

NesiWaKijiji

Kuhusu kichocho, Fundi una haki ya kuuliza, lakini yule konokono anayekibeba hupenda maji yaliyotulia au yaendayo polepole, yenye joto na majani majani, kama ufuo wenu wa ziwa na mifereji ya mpunga. Kijito cha baridi kinachokimbia juu ya mawe si makazi yake. Watoto wachezeshe miguu, usiwe na wasiwasi. Wakiingia kwenye kidimbwi kilichotuama pembeni, hapo watoe.

Kunywa, hapana. Najua mtayaona yanang'aa kama glasi na mama atasema ya zamani tulikunywa. Juu ya mahali mlipo kuna ng'ombe na kondoo wa watu, kuna nyani, kuna ndovu, na wote wana choo kimoja. Nimewapokea watu wa taifodi na wa kuhara waliosema maji yalikuwa "safi kabisa". Chemsheni, au bebeni ya nyumbani.

Na dawa ya presha ya mama, kama anatumia, isiachwe gesti.

MtuWaChini, Budalangi

Nimeona jina letu limetajwa hapo na malapa. Ni kweli kabisa, tunayapokea. Vijito vingi vya Elgon upande huo wenu vinaishia Nzoia, na Nzoia inaishia kwetu kabla ya kuingia ziwani. Mwaka wa mafuriko nimetoa kwenye uzio wangu pampasi, chupa za soda, mguu wa mwanasesere, na kiti cha plastiki cha bluu ambacho bado nakikalia. Fundi, enda ukafurahi na mama. Pampasi rudini nazo.

Mama wa Gesti

Haya, MtuWaChini, ukiona mfuniko wa sufuria ya lita kumi, wa aluminiamu, una kishikio kilichofungwa kwa waya, ni wangu.

MzeeWaLondiani

Nimesoma yote haya na nina neno moja. Bwana Fundi, kwani unampeleka mama Elgon kuona mto safi, na Nyando wake mwenyewe ni safi?

Nyando unaanzia huku kwetu juu, misitu ya Londiani na Tinderet. Kuna tawi lake, Kipchorian, ambalo linapita Kipkelion na Fort Ternan kabla ya kuteremka Muhoroni. Kando yake nimechunga ng'ombe wa baba yangu nikiwa mtoto. Huku mwanzoni, ndani ya miti, unaona kokoto. Linapotoka msituni likaingia mashambani ndipo linapoanza kubeba udongo, kila shamba linatia wake, na likifika kwa mama yako limebeba Kericho na Nandi nzima. Tope alilozoa jikoni miaka yote hiyo ni shamba la mtu. Pengine ni langu.

Sikukatazi Elgon. Nakwambia tu ili umwambie.

FundiCherehani

Asanteni nyote, nimeandika kila kitu kwenye daftari la vipimo vya wateja. Kiti nimechukua. MzeeWaLondiani, hilo la Nyando sitamwambia kwanza. Namjua, atasema tugeuze gari.

FundiCherehani

Tumerudi jana usiku. Niliahidi kuleta habari.

Tulitoka gesti saa moja kasorobo, si kumi na mbili na nusu, kwa sababu mama aliombea gari, akaliombea kila gurudumu. Usiku ulikuwa umenyesha. Kutoka lami mpaka langoni nilikuwa nikiendesha mabega yakiwa masikioni, lakini DerevaWaKitale, gurudumu moja katikati lilifanya kazi. Malipo nilikuwa nimeshafanya Kitale. Mbele yetu kulikuwa na jamaa wawili wameinua simu juu wakitafuta mtandao, mke wangu akanitazama kwa heshima ambayo sijaiona tangu harusi.

Askari alitupeleka mahali kama Mama wa Gesti alivyosema, barabara na maji vinakutana. Mbega tuliwaona, mtoto wa miaka 6 akasema wamevaa kanzu za kwaya. Nikateremsha kiti cha plastiki, askari akacheka, kisha mama akakalia akiwa na sweta, leso mbili na mkoba magotini kama yuko benki, na askari akaacha kucheka.

Maji yale sijui niyaelezeje. Mimi kazi yangu ni vitambaa. Kuna organza, ukiitandaza juu ya kitambaa cha maua unaona kila ua, ila linatikisika kidogo. Ndivyo. Mawe yalikuwa kahawia, mengine meusi, mengine na rangi ya kijani kibichi ubavuni, na mama alianza kuyahesabu kweli, kwa kidole. Alifika 40 akaacha. Akakaa kimya muda mrefu, nikafikiri analia, nikaenda kumwangalia. Akaniuliza kwa Kijaluo, samaki wako wapi?

Nikamwambia mimi siwaoni. Akasema, mto mzuri namna hii na hauna hata ningu mmoja, basi una kazi gani. Lakini alivua viatu. Mke wangu alimshika mkono huu, askari mkono ule, akatia miguu, akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika Uganda. Akaitoa. Akaitia tena. Alifanya hivyo mara sita na mara zote akapiga ukelele uleule, na watoto wakawa wanamhesabia.

Tulikula upande wenye gari. Viazi vitamu, mayai, mahindi ya Kiminini yaliyolala. Ng'ambo kulikuwa na mwamba mzuri sana, Mama wa Gesti, mpana, una kivuli. Niliutazama tu.

Saa sita na nusu hivi, jua bado lipo, binti yangu akasema, baba, majani. Kweli, yalikuwa yanapita majani membamba, moja, matatu, kisha kijiti. Nikainuka hapohapo. Mke wangu akaniambia nina woga, askari akatazama juu mlimani akasema hapana, mzee ana haki. Mama ndiye aliyekataa. Alisema ndio kwanza miguu imezoea. Ikabidi tuinue kiti na yeye juu yake, mimi na askari, kama bibi harusi, tukamweka kando ya Probox, na hapo akaomba tusimwingize garini kwanza, aangalie.

Haikuchukua hata robo saa. Rangi ilianza upande mmoja, kama mtu amemwaga majani ya chai kwenye maziwa, ikaja katikati, ikafunika yale mawe 40 yote. Kisha nikasikia ile ko, ko. Watoto wakanyamaza. Mama akainama mbele kwenye kiti chake, akatazama maji yale mekundu yakipita kwa kasi, na uso wake wote ukafunguka.

"Sasa huyu namjua," akasema. "Huyu ni Nyando."

Hapo nikashindwa kujizuia, nikamwambia ya MzeeWaLondiani. Kwamba Nyando nao huko unakotoka una kokoto. Hakusema kitu njia nzima mpaka Webuye. Tulipokuwa tunangoja chenji ya chai akauliza, kwa hivyo ni watu gani hao, majina yao, wanaotia udongo. Nikamwambia ni wengi, na mmoja wao amekiri mtandaoni. Amesema Januari twende Londiani, anataka kumwona.

Mzee, jiandae. Atakuja na kiti.

Hasara ni mbili. Kiatu kimoja cha raba cha mtoto, cha kushoto, kimekwenda. MtuWaChini, ni namba 28, cha bluu. Ya pili ndiyo inayoniumiza: Probox ndani imejaa udongo mwekundu, zulia la nyuma lote, maana mama alikataa kufuta miguu, alisema anataka kufika nayo nyumbani. Mwenye gari anaijia kesho saa mbili asubuhi. Kuna anayejua unatoaje huo udongo?

DerevaWaKitale

Usitie maji hata tone, utaupaka rangi. Fungua milango, uache ukauke usiku kucha. Alfajiri piga brashi ya viatu, kisha kitambaa kikavu. Na zulia la nyuma, angalia kama linatoka, tafuta vifungo chini ya kiti.

MzeeWaLondiani

Namngoja. Mwambie chai itakuwa ya maziwa.